Somo: Kuzunguka hifadhi za taifa kwa gari ukiwa na kisukari

Habari zenu ndugu. Wengi mnauliza mbebe nini safarini. Mimi naanza na swali jingine: sukari ikishuka sasa hivi, glukosi yako, ile sukari ya haraka ya kuipandisha, iko wapi? Kama iko kwenye buti, chini ya mahema, huna glukosi. Hifadhini zahanati ziko mbali na mtandao wa simu hukatika, kwa hiyo utakachohitaji katika dakika za mwanzo kiwe pale mkono unapofika.

Hatua ya 1: Onana na daktari mapema

Mweleze utaendesha saa ngapi kwa siku na utatembea kiasi gani, mkubaliane jinsi ya kubadilisha dozi siku za kupanda milima. Omba barua na nakala ya cheti cha dawa. Dawa na stripu za kupimia beba mara mbili ya mahitaji yako, kisha zigawe kwenye mabegi mawili. Begi likipotea, safari haifi.

Hatua ya 2: Linda insulini

Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Ikishaanza kutumika, aina nyingi huvumilia takriban siku 28 bila friji mradi joto lisipite 30, lakini soma karatasi ya dawa yako maana hazilingani. Sasa fikiria gari lililoegeshwa juani: ndani joto linaweza kupita 50. Na kuna hifadhi ambako hata nje ni tanuri. Death Valley, Marekani, iliandikisha nyuzijoto 56.7 mwaka 1913.

Barafu nayo ina hatari yake. Insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka, itupe. Kwa hiyo usiilaze juu ya barafu. Zungushia kalamu zako za kuchomea insulini taulo dogo kavu, zitie kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, ndipo uweke kopo hilo ndani ya boksi la baridi. Kuna pia mifuko ya kupozea inayoloweshwa kwa maji. Punje zilizo ndani huvimba na maji yakivukiza hupoza dawa. Mifuko hiyo inataka hewa, ukiifukia ndani ya begi haipozi.

Boksi likae sakafuni, nyuma ya kiti cha mbele, mbali na jua, na ukishuka shuka nalo. Sukari ikipanda siku mbili mfululizo na hujabadilisha chochote, shuku insulini kwanza na ufungue nyingine.

Hatua ya 3: Pima kabla ya kuwasha gari

Uingereza ina utaratibu ninaoupenda kwa madereva wanaotumia insulini: pima sukari ya damu ndani ya saa 2 kabla ya kuondoka, na kila baada ya saa 2 njiani. Chini ya 4 mmol/L (kizio cha sukari kwenye damu) huendeshi. Ikiwa kati ya 4 na 5, kula kitu kwanza.

Ikishuka ukiwa barabarani, simama mahali salama, zima injini, chomoa ufunguo. Kula gramu 15 za sukari ya haraka, subiri dakika 15, pima tena. Ikirudi 5 au zaidi, bado ngoja dakika 45, kwa sababu ubongo huchelewa kutulia hata kama kipimo kimekaa sawa. Najua dakika hizo ni ndefu wenzako wakiwa wanataka kuwahi lango. Wasubiri.

Hatua ya 4: Kutembea kwa miguu

Misuli iliyofanya kazi huendelea kuvuta sukari hadi saa 24 baadaye, ndiyo maana wengi hushuka usiku baada ya matembezi marefu. Pima kabla ya kulala. Viatu vikung'ute kabla ya kuvaa, na jioni kagua nyayo na katikati ya vidole.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, Serengeti huruhusiwi kushuka garini ovyo. Nikishuka sukari karibu na simba?*

Baki humo humo dada. Vioo juu, injini izimwe, tumia glukosi iliyo mfukoni mwa mlango. Usishuke kubadilishana kiti na mwenzako. Kabla ya kuingia, mwonyeshe unayesafiri naye dalili zako: jasho, kutetemeka, kuongea ovyo.

*Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, chakula hakiruhusiwi hemani kwa ajili ya dubu. Usiku nifanyeje?*

Lala chumbani au kwenye gari la kulalia lenye kuta ngumu, maana kule gari la namna hiyo lililofungwa vioo linakubalika kuhifadhia chakula. Ukishikilia hema, zungumza na askari wa hifadhi siku unayofika, umweleze hali yako.

*Mlimani mashine yangu ya kupima sukari inatoa namba za ajabu.*

Baridi na urefu huvuruga mashine nyingi. Barabara ya Trail Ridge Road katika Hifadhi ya Rocky Mountain, Marekani, hufika mita 3,713, na kila mashine ina kikomo chake kilichoandikwa kwenye kijitabu. Itie mfuko wa ndani wa nguo, karibu na mwili. Kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu wa mlima hufanana na sukari kushuka; ukiwa na shaka na mashine imegoma, kula glukosi kwanza.

*Natumia vidonge vya kisukari vya metformin pekee. Haya yote yananihusu?*

Si yote ndugu. Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Lakini vidonge vingine vya kisukari, yaani glibenclamide, gliclazide na glimepiride, hushusha, kwa hiyo soma majina kwenye pakiti zako zote kabla ya kuamua. Maji ya kunywa na miguu vinakuhusu bila kujali dawa.