Namna ya Kuandika Wasifu wa Malcolm MacDonald Ukiwa Dar es Salaam

Anza na daftari la vyeo vya MacDonald, mwanasiasa na mwanadiplomasia wa Uingereza, na mbele ya kila cheo andika mwaka, nchi, na jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau: alikuwa akimwakilisha nani mbele ya nani.

Miaka ya ubunge haina ugumu. MacDonald, aliyezaliwa 1901, aliingia Bungeni 1929 kwa tiketi ya chama cha Labour, na chama kilipogawanyika 1931 alimfuata baba yake, Waziri Mkuu Ramsay MacDonald. Akiwa Waziri wa Makoloni alitoa waraka wa Mei 1939 ulioweka ukomo wa Wayahudi 75,000 kuhamia Palestina katika miaka 5. Waraka huo usiupitie kwa sentensi moja, kwa maana Wayahudi na Waarabu wote waliukataa, kila upande kwa sababu zake. Vyeo vyake vya Kanada, Malaya na India vifuate kwa ufupi.

Kenya ndiko unakopaswa kukaa muda mrefu. Mwaka 1963 alikuwa Gavana, aliyetawala kwa niaba ya Uingereza. Tangu uhuru wa tarehe 12 Desemba mwaka huo akawa Gavana Mkuu, aliyemwakilisha Malkia lakini akifuata ushauri wa mawaziri wa Kenya. Na Kenya ilipokuwa jamhuri mwaka uliofuata, akawa Balozi wa Uingereza, mgeni katika nchi aliyokuwa akiitawala. Ukiviita vyeo hivyo vitatu kwa jina moja, umeufuta uhuru wenyewe katika maandishi yako. Msomaji wa Dar es Salaam ataelewa upesi ukimkumbusha Richard Turnbull, Gavana wa Tanganyika aliyebaki kuwa Gavana Mkuu kwa mwaka mmoja, kuanzia Desemba 1961 hadi jamhuri ya Mwalimu Nyerere.

Kwa ushahidi, nenda Mlimani, kwenye mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Nyaraka za Taifa, Upanga. Hati binafsi za MacDonald zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza. Tazama kwanza orodha yake kwenye intaneti kabla ya kuandika barua ya kuomba nakala.

Sura ya mwisho, inayohusu kazi yake ya mjumbe maalumu wa Uingereza barani Afrika hadi 1969, ifungue na Desemba 1965, Tanzania ilipovunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (leo Zimbabwe), koloni ambalo walowezi wazungu walikuwa wamelitangazia uhuru bila Uingereza kuwazuia.