Somo: Jinsi ya kutembelea Kameido Tenjin, hekalu la maua na bahati jijini Tokyo

Watu wengi wanaokwenda Kameido Tenjin mwishoni mwa Aprili huishia darajani. Wakishapiga picha za maua, hao, wanarudi stesheni. Wameona kitu kizuri, lakini nusu ya mahali penyewe wameiacha. Ushauri wangu ni ule tuliolelewa nao: piga hodi kwanza, msalimie mwenye nyumba, ndipo utazame bustani yake.

Mwenye nyumba ni Sugawara no Michizane, msomi na mshairi aliyezaliwa mwaka 845. Alipanda cheo hadi kuwa miongoni mwa mawaziri wakubwa wa mfalme huko Kyoto, mahasimu wakamsingizia, na mwaka 901 akapelekwa uhamishoni Dazaifu, kisiwani Kyushu. Akafia huko mwaka 903. Baada ya kifo chake mji mkuu uliandamwa na maafa, na mwaka 930 radi ikapiga jumba la mfalme na kuua watu. Wakaamini ni hasira yake, wakaanza kumwabudu kwa jina la Tenjin. Leo ndiye anayeombwa na wanafunzi wa Japani kabla ya mitihani.

Kameido ilianza mwaka 1646, pale kuhani wa ukoo wake alipofika kutoka Dazaifu na sanamu ya Michizane iliyochongwa kwa mti wa plamu. Mwaka 1662 hekalu likajengwa kwa kufuata ramani ya lile la Dazaifu. Majengo ya kale yaliteketea katika Vita Kuu ya Pili. Unayoyaona leo yamejengwa upya, ila mpangilio wa bwawa na madaraja ni uleule.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Februari ni plamu, maua ambayo Michizane aliyapenda kuliko yote. Hadithi inasema mti wake wa plamu uliruka usiku mmoja kutoka Kyoto kumfuata uhamishoni. Mwishoni mwa Oktoba na Novemba ni krisanthemu. Tarehe 24 na 25 Januari ni Usokae, siku za bahati, nitazieleza chini kwenye maswali.

Mfalme wa misimu ni fuji: mmea utambaao wenye vichala virefu vya zambarau vinavyoning'inia kutoka kwenye vichanja juu ya bwawa. Huchanua kuanzia katikati au mwishoni mwa Aprili, na miaka ya joto huwahi, kwa hiyo angalia taarifa za hekalu kabla ya kupanga safari.

Hatua ya 2: Usafiri

Panda treni ya JR Sobu, ile yenye mstari wa njano. Kutoka Akihabara, Kameido ni kituo cha nne. Toka mlango wa kaskazini, fuata barabara ya Meiji-dori, kisha kata kushoto Kuramaebashi-dori. Ni mwendo wa dakika 15 hivi kwa miguu. Kiingilio hakuna. Msimu wa fuji fika asubuhi na mapema; ikishafika saa nne madaraja yanajaa na hakuna anayetembea kwa raha.

Hatua ya 3: Langoni na kwenye maji

Mbele ya lango la torii simama, inama kidogo, kisha pita pembeni. Katikati ya njia huachiwa mungu wa mahali.

Kwenye birika la kunawia shika kata kwa mkono wa kulia, mwagia wa kushoto. Badilisha, mwagia wa kulia. Rudisha kata mkono wa kulia, tia maji kidogo kiganjani mwa kushoto, sukutua na uteme chini, si birikani. Nawa tena mkono wa kushoto, halafu isimamishe kata ili maji yaliyobaki yateremke na kuosha mpini, mwenzako aukute safi. Kata moja ya maji inatosha kwa yote haya. Usiiguse kwa midomo kamwe.

Hatua ya 4: Madaraja matatu

La kwanza limebinuka kama mgongo wa kobe, la pili ni tambarare, la tatu limebinuka tena. Yanawakilisha wakati uliopita, uliopo na ujao. Ukifika juu ya la kwanza utaona bwawa lote, vichanja, na mnara wa Skytree kwa mbali. Mchoraji Hiroshige alilichora daraja hili pamoja na fuji mwaka 1856. Piga picha moja, songa mbele, wenzako wanangoja.

Hatua ya 5: Salamu ukumbini

Tia sarafu kwenye sanduku la sadaka; wengi hupenda ya yeni 5, ile yenye tundu. Inama mara mbili, piga makofi mawili, omba kimoyomoyo, inama mara moja. Basi.

Pembeni yupo ng'ombe wa shaba aliyelala. Watu humpapasa kichwa kwa kutafuta akili, au mahali panapowauma wao, na sehemu hizo zimeng'aa kwa mikono. Vibao vya mbao vyenye maombi ya wanafunzi utavikuta vimening'inizwa kwa wingi. Usivipige picha kwa karibu, mara nyingi vina majina ya watu.

Hatua ya 6: Sasa maua

Shuka chini ya vichanja, usiyatazame kutoka darajani tu. Kichala cha fuji hufunguka kuanzia juu kushuka chini. Ukikuta ncha bado ni vitumba vya zambarau iliyoiva, umewahi vizuri. Ukikuta sehemu ya juu imefifia na kunyauka, umechelewa. Harufu yake ni tamu na nyepesi, nayo huvuta nyuki wakubwa weusi. Usiwapunge, watakupita. Tazama pia chini: maji yakitulia, vichala vinaonekana mara mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mimi ni Mwislamu. Naweza kwenda kuona maua tu bila kuabudu?

Unaweza, ndugu yangu. Hakuna atakayekuuliza wala kukulazimisha kunawa au kupiga makofi. Pita kwa utulivu, usisimame mbele ya sanduku la sadaka wenzako wakiomba.

Nimechukua karatasi ya bahati, imetoka mbaya. Nifanyeje?

Isome yote kwanza, maana ndani mna mashauri kuhusu masomo, safari na afya. Kisha ifunge mahali palipotengwa hapo hekaluni, uiache. Usiifunge kwenye matawi ya miti, yanaumia.

Usokae ni nini hasa? Na mgeni anaruhusiwa?

Dada, watu huleta ndege mdogo wa mbao waliyemchukua mwaka uliopita na kumchukua mpya. Kwa Kijapani jina la ndege huyo linatamkwa sawa na neno la uongo, kwa hiyo mikosi ya mwaka jana inageuka uongo na nafasi yake inachukuliwa na heri. Mgeni huanza kwa kumchukua mpya tu. Hirizi za kawaida nazo hurudishwa baada ya mwaka mmoja hivi.

Mama yangu ana magoti mabovu. Ataweza madaraja?

Yale mawili yaliyobinuka ni makali kwake. Mpitishe njia ya pembeni, nako vichanja vipo.

Baada ya hapo tule wapi?

Jirani na hekalu kuna Funabashiya, duka lililopo tangu 1805. Agiza kuzumochi: vipande laini vya wanga wa ngano uliochachushwa zaidi ya mwaka mmoja, vikinyunyiziwa unga wa soya uliokaangwa na shira ya sukari nyeusi. Asiyeelewana na ngano asiguse. Siku za fuji foleni ni ndefu, hivyo wengi hununua vya kufungiwa, ila ni vizuri viliwe siku hiyohiyo au kesho yake.