Kushusha kolesteroli: sahani yangu ilifika wapi, na kidonge kikaanzia wapi

Majibu yangu ya kwanza yalisema LDL, yaani kolesteroli mbaya, 4.6 mmol/L. Nilikuwa na miaka 47, sina maumivu popote, napanda ngazi bila kuhema, nikaamini maabara wamechanganya vichupa. Tukarudia kipimo, ikawa ile ile. Kolesteroli haiumi. Anayesubiri dalili anasubiri mshtuko wa moyo au kiharusi, na baba yangu alipata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 52, habari ambayo sikuwahi kumwambia daktari yeyote.

Kwa hiyo kabla hujagusa sahani wala kidonge, kusanya habari zako. Omba kipimo kinachotenganisha LDL, ile inayojikita kwenye kuta za mishipa, na HDL, ile kolesteroli nzuri, na trigliseridi, mafuta mengine ya damu. Jumla peke yake haikuambii mengi. Karatasi yako ikiandika mg/dL, gawanya namba za kolesteroli (si za trigliseridi) kwa 38.7 upate mmol/L. Omba na tezi ya thairoidi ipimwe, kwani ikilegea yenyewe tu hupandisha LDL. Kisha taja mzazi, kaka au dada aliyeugua moyo mapema: mwanamume kabla ya miaka 55, mwanamke kabla ya 65.

Wapo wasiopaswa kujaribu chakula peke yake kwanza. Ukiwa umeshapata mshtuko wa moyo au kiharusi, au LDL yako ni 4.9 na zaidi, dawa huanza pamoja na chakula. Mwenye kisukari aliyevuka miaka 40 naye kwa kawaida hushauriwa dawa. Mimi sikuwa kwenye makundi hayo, daktari akanipa miezi mitatu.

Wiki ya kwanza sikubadilisha chochote, niliandika tu kila nilichokula. Daftari lilinionyesha kitu nisichokitarajia. Mayai niliyokuwa nayaogopa yalikuwa mawili kwa wiki. Siagi ilikuwepo kila asubuhi, jibini kila mchana, soseji karibu kila jioni. Mafuta yanayoganda ndiyo yanayolifanya ini lishindwe kuiondoa LDL kwenye damu, kuliko kolesteroli iliyomo ndani ya chakula chenyewe. Nikaweka mafuta ya alizeti au ya zeituni mahali pa siagi, samaki na maharage mahali pa soseji. Angalia neno “mahali pa”: ukiondoa siagi ukajaza mkate mweupe na sukari, hujafanya kitu.

Asubuhi nikaanza uji wa oti, gramu 75 za oti kavu nilizopima kwa mizani mpaka jicho likazoea. Hizo hutoa takriban gramu 3 za nyuzinyuzi zinazoyeyuka, zile zinazonasa asidi za nyongo tumboni na kulilazimisha ini litumie kolesteroli kutengeneza asidi nyingine za nyongo. Mchana, kiganja kimoja cha lozi. Na kahawa: ile ya kuchemsha isiyochujwa ina mafuta yanayopandisha LDL, basi nikaanza kuichuja kwa karatasi. Hilo lilikuwa rahisi kuliko yote.

Baada ya miezi mitatu: 4.0. Nilisikitika sana, sitaficha. Asilimia 13 kwa jitihada zote zile! Daktari akanieleza kwamba sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na ini lenyewe, na kwa historia ya baba yangu, 4.0 haikutosha. Akaniandikia atorvastatini miligramu 20. Dawa za aina hii, statini, zilianzia kwenye ukungu uliochunguzwa na mwanasayansi Akira Endo wa Japani miaka ya 1970. Huzuia kimeng’enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli, nalo likipungukiwa huivuta LDL kutoka kwenye damu. Wiki nane baadaye nilikuwa na 2.3.

Hapo ndipo watu hukosea, nami nilikosea. Niliona namba nzuri nikaacha vidonge. Miezi miwili tu, 4.1. Ile namba nzuri ilikuwa kazi ya kidonge.

Kosa la pili ni kuurudia ulaji wa zamani kwa kuwa dawa ipo. Fanya hesabu hii: kuongeza dozi ya statini mara mbili hushusha LDL kwa takriban asilimia 6 zaidi tu. Asilimia 13 zangu za oti na maharage ni sawa na kuongeza dozi mara mbili, kisha mara mbili tena.

Misuli ikiuma, usiache kimya kimya, mwambie daktari. Mara nyingi chanzo si dawa, na ikiwa ni dawa, hubadilishwa au hupunguzwa. Lakini misuli ikilegea vibaya na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Balungi na baadhi ya antibiotiki, kama klarithromisini, huongeza dawa hii mwilini, kwa hiyo kila anayekuandikia dawa ajue unameza nini. Mjamzito au anayetafuta mimba azungumze na daktari kabla ya kuendelea.

Pima tena wiki 4 hadi 12 baada ya kila badiliko la dawa. Namba ikigoma, ipo ezetimibi, inayozuia kolesteroli kufyonzwa utumboni, na huongezwa juu ya statini. Mimi sijaihitaji bado. Vidonge vyangu vinakaa kando ya mswaki, mizani ya oti kando ya jiko.