Kupima kama chanjo italeta homa, bila sungura

Kazi hii niliianza kama mshika sungura. Watatu kwa kila bechi: kila mmoja kwenye boksi lake, shingo imebanwa, sindano kwenye mshipa wa sikio, kipimajoto nyuma, unaandika joto kila nusu saa mpaka saa tatu ziishe. Joto la mmoja likipanda nusu digrii, tunaongeza watano. Mlango ukibamizwa sungura hushtuka na joto linapanda. Hapo utajuaje kama ni chanjo au ni mlango?

Siku hizi mgeni akija maabara namwanzisha na LAL, kipimo cha mirija. Kitendanishi chake hutoka kwenye damu ya buluu ya Limulus, mnyama wa pwani ya mashariki ya Marekani mwenye gamba kama sufuria iliyofunikwa. Wanamwita kaa, ila ndugu zake ni buibui na nge. Damu yake huganda ikikutana na endotoksini, sumu iletayo homa iliyo kwenye ukuta wa bakteria kama E. koli.

Anza na vyombo. Mirija ya glasi ichomwe kwenye oveni, nyuzi 250, nusu saa au zaidi. Kuchemsha kunaua bakteria, endotoksini inabaki palepale.

Zimua chanjo kwa maji yasiyo na endotoksini, hakikisha pH iko kati ya 6 na 8, kisha weka ml 0.1 kwenye mrija na kitendanishi ml 0.1. Andaa miwili miwili: chanjo peke yake, chanjo uliyoitia endotoksini ya kiasi unachokijua, maji matupu, na maji yenye endotoksini. Usithubutu kuruka hiyo ya pili. Chumvi za aluminiamu zilizomo kwenye chanjo nyingi hunasa endotoksini, ukaona usafi ambao haupo. Hiyo ya pili isipoganda, zimua chanjo zaidi, ila usivuke kikomo cha kuzimua ulichokokotoa.

Nyuzi 37, dakika 60, na mikono mfukoni. Mimi niliwahi kuisogeza raki dakika ya arobaini ili nipate nafasi ya mirija mingine. Donge likivunjika haliungi tena. Hata mrija wenye endotoksini ulimwagika kama maji, tukarudia kazi yote. Saa ikitimia, pindua kila mrija taratibu, mara moja. Donge likishikilia pale juu, endotoksini ipo. Likiteleza, hata kama ni zito kama uji, andika hasi.

LAL hulenga endotoksini tu, ilhali sungura alipandwa na joto kwa uchafu wa kila aina. Tena kuna chanjo za homa ya uti wa mgongo ya kundi B zilizo na vifuko vya utando wa bakteria: endotoksini ni sehemu ya chanjo yenyewe, lazima kitendanishi kigande. Hapo tumia MAT. Chembe nyeupe za damu ya mtu mzima wa afya hulazwa na chanjo usiku kucha, asubuhi unapima interlukini-6, protini ya kuamsha homa, iliyotolewa na chembe hizo. Mchangiaji asiwe na mafua wala asiwe ametoka kumeza dawa ya maumivu.

Kwa njia hii famakopia ya Ulaya, kitabu cha viwango vya dawa, imeweza kumwondoa sungura kwenye matini zake kuanzia Julai 2025. Na huyo Limulus naye ana mbadala: rFC, protini ya damu ya ndugu yake wa Asia, Carcinoscorpius, inayotengenezwa maabara kwa jeni iliyonakiliwa Singapore na Ding Jeak Ling na Ho Bow. Ukiipata, raki ya kupindua weka kando. Matokeo yanasomwa na mashine ya mwanga.