SOMO: Mpunga wa kisima bila kukimaliza kisima

Wakuu, kila kiangazi swali ni lile lile: "Maji yameshuka, nichimbe tena?" Naandika hapa mara moja, nisiulizwe tena.

1. Sawazisha jaruba, ziba matobo ya matuta.

2. Kata bomba la PVC la inchi 4, urefu sentimita 30. Toboa matundu madogo pande zote kwenye sentimita 20 za chini.

3. Lizamishe kwenye udongo wa jaruba, sentimita 10 zibaki juu. Toa tope lote la ndani.

4. Wiki mbili za kwanza baada ya kupandikiza maji yasimame, magugu yasipate nafasi.

5. Kisha zima pampu. Maji ndani ya bomba yakishuka sentimita 15 chini ya udongo, jaza jaruba hadi sentimita 5. Rudia.

6. Mpunga ukikaribia kuchanua, ACHA KUKAUSHA. Hapa ndipo nilipoumia. Niliona petroli inabaki, nikanogewa, nikaendelea kukausha. Masuke yakasimama wima hadi siku ya kuvuna, mapepe matupu. Wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baada, maji yasimame. Na usifuate tarehe za jirani, mbegu yake si yako. Pasua bua, uone suke limefikia wapi.

7. Kata maji wiki mbili kabla ya kuvuna.

MASWALI

– Mkuu, bomba inchi ngapi?
Hatua ya 2. Soma.

– Mimi natumia sola, maji bure. Nizime ya nini?
Jua ndilo la bure. Mwenye petroli huzima kwa uchungu wa pesa, wewe unavuta kutwa. Punjab, India, umeme wa bure mashambani ulichangia kushusha maji ya ardhini, hadi sheria ya 2009 ikazuia kupandikiza kabla ya Juni 10, joto kali lipite.

– Lakini yanayozama jarubani si yanarudi kisimani?
Swali zuri sana, dada. Sehemu hurudi, hasa kwenye kichanga. Yanayopaa hayarudi, na joto likizidi yanapaa zaidi. Kwa hiyo bomba linakuokolea petroli kuliko linavyookoa kisima. Kisima kinataka mbegu ya muda mfupi, na eneo dogo kiangazi. Kipime pia: kamba na jiwe, alfajiri kabla ya kuwasha pampu, andika kwenye daftari.

– Kamba ya katani inafaa?
Hapana, ikilowa husinyaa, vipimo vinakudanganya. Chukua manila ya plastiki.