Mkazo wa uzi kwenye cherehani ya zamani: mambo ya kuzingatia kabla ya kushona mfarishi

Cherehani nyeusi ya miguu inayokaa kwenye baraza za mafundi wetu, iwe ni Singer ya aina ya 15 au Butterfly ya Kichina iliyofuata umbo hilohilo, inaweza kushona mfarishi vizuri sana, mradi mshonaji asianze kazi kwa kuzungusha nati ya mkazo, yaani ile inayokaza au kulegeza uzi wa juu. Nati hiyo ndiyo inayoonekana, nayo ndiyo inayolaumiwa kwanza, ilhali mishono mingi mibaya huletwa na mambo yaliyotangulia, ambayo hakuna nati inayoweza kuyarekebisha. Kwa hiyo maelezo haya yanafuata utaratibu wa kazi yenyewe, na nati tutaifikia karibu na mwisho.

Ni vyema kwanza kuelewa kinachotafutwa. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili, mmoja wa sindano na mwingine wa bobini, yaani kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, nazo hukutana na kufungana katika kila tundu. Mkazo ukiwa sawa, fundo hilo hujificha ndani ya kitambaa, na kila upande huonyesha uzi wake tu. Mfarishi una tabaka tatu, yaani kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini, hivyo fundo lina nafasi kubwa ya kujificha kuliko kwenye shati. Wakati huohuo unene huo huulazimu uzi wa juu kusafiri mbali zaidi na kusuguana zaidi, na ndiyo maana mkazo uliofaa kwa gauni juzi unaweza kukataa kabisa leo.

Vitambaa vifuliwe kabla ya kukatwa. Kitenge kipya huwa na ukakamavu wa kiwandani ambao huipa sindano shida na kumdanganya mshonaji anapopima mkazo, na kanga nayo hupungua kidogo ikifuliwa, jambo ambalo halipendezi likitokea baada ya mfarishi kukamilika.

Sindano iwe mpya. Mashine hizi hutumia sindano ya nyumbani yenye ubapa upande mmoja wa kichwa, ambayo kwenye pakiti huandikwa 15×1, HA×1 au 130/705H. Madukani huuzwa pia DB×1 za mashine za kiwandani, zenye kichwa cha mviringo, nazo hazifai hapa hata zikiingia. Kwa tabaka tatu zenye pamba ya kiasi, namba 14 inatosha, na namba 16 ni ya uzi mnene au vitambaa vizito. Tundu la sindano likiwa dogo kuliko uzi, uzi hubanwa na kuchanika, na mshonaji hudhani mkazo umezidi. Kwenye aina ya 15, ubapa huelekea kushoto na uzi huingia tunduni kutoka kulia kwenda kushoto. Mwenye mashine ya aina nyingine atazame kishikizo cha mwisho cha uzi juu ya sindano: upande kilipo ndiko uzi unakoingilia, na ndiko mfereji mrefu wa sindano unapotakiwa kuelekea.

Kuhusu uzi sina mengi, ila nashauri wa juu na wa chini uwe wa aina moja na unene mmoja mpaka mkono uzoee. Koni kubwa isichomekwe kwenye kijiti cha kibonge kidogo. Iwekwe mezani nyuma ya cherehani, uzi upande juu kwanza kupitia kishikizo kilichosimama, ndipo uingie kwenye mashine. Koni inayojivuta kwa kukwama hubadilisha mkazo katika kila mshono, na hakuna kipimo kitakachotulia.

Sasa tufike kwenye sahani mbili ndogo za chuma zinazobana uzi wa juu, kwa kuwa hapa ndipo wengi hupotea. Mguu wa kubana kitambaa unapoinuliwa, kipini cha ndani huziachanisha sahani hizo, na unaposhushwa, zinabana. Kutokana na hilo uzi hupitishwa mguu ukiwa juu, ili uzame katikati ya sahani, na mkazo hupimwa mguu ukiwa chini. Ukipitisha uzi mguu ukiwa chini, uzi hukaa juu ya ukingo wa sahani bila kubanwa na chochote. Matokeo yake ni kiota cha nyuzi upande wa chini wa kitambaa, na kwa kuwa kiota kiko chini, mshonaji huikimbilia bobini. Mimi mwenyewe nilimaliza jioni nzima nikiifungua na kuifunga skrubu ya bobini isiyokuwa na kosa lolote. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba fujo ikionekana chini, chanzo chake kwa kawaida kiko juu.

Kwenye mashine iliyokaa stoo miaka mingi, katikati ya sahani hizo hujificha manyoya ya uzi, vumbi na hata kutu. Inua mguu, kisha pitisha ukanda wa kitambaa cha pamba katikati yake, ukiuvuta huku na huku mpaka utoke safi. Kando ya sahani kuna springi nyembamba iliyopinda kama ndoano, ambayo kazi yake ni kuushika uzi usilegee mpaka sindano inapokaribia kugusa kitambaa. Ikiwa imevunjika au imelala, mishono itarukaruka hata sahani zikiwa safi. Mafuta yawe ya cherehani, tone moja moja kwenye matundu yake, na kamwe yasiwe ya kupikia, ambayo huganda na kunata.

Bobini ijazwe kwa usawa, isifurike, na isijazwe juu ya mabaki ya uzi wa zamani. Bobini ya aina ya 15 ina pande bapa, ilhali ile ya Singer ya aina ya 66 ina pande zilizobenuka kidogo, na kuzichanganya huleta mkazo unaobadilika bila sababu inayoonekana. Chini ya bati dogo la springi kwenye kasha la bobini hujibana pamba kidogo sana, pengine ndogo kuliko punje ya mchele, na hiyo pekee inatosha kuulegeza uzi. Ipitishe ncha ya uzi mnene hapo uisafishe.

Baada ya usafi huo, ning'iniza kasha lenye bobini kwa uzi wake. Lisiteremke lenyewe, lakini ukilitikisa kidogo, liteleze sentimita chache na kusimama. Likiteremka bila kusimama, skrubu ya kasha ikazwe. Likigoma kabisa, ilegezwe. Wapo mafundi wanaosema skrubu hiyo isiguswe maisha yote. Naielewa hofu yao, kwani ni ndogo na ikidondoka sakafuni haionekani tena, lakini naona ni hadhari iliyopita kiasi. Fanya kazi hiyo juu ya sahani au kitambaa cheupe, weka alama ya mahali ilipokuwa, na usizungushe zaidi ya mwendo wa dakika tano kwenye uso wa saa kwa mara moja.

Hapo ndipo nati ya juu inapopata zamu yake. Tengeneza kipande cha majaribio cha sentimita 20 kwa 20 kwa tabaka zilezile za mfarishi, kwa sababu jaribio kwenye kitambaa kimoja halina maana yoyote. Weka uzi mwekundu juu na wa buluu chini, zenye unene sawa, na urefu wa mshono uwe karibu milimita 2.5 hadi 3. Ukiona vidoti vya buluu juu, uzi wa sindano umekaza mno. Ukiona vyekundu chini, umelegea. Badilisha nati nusu namba, shona tena, tazama tena. Kisha shona mstari wa mshazari, uvute mpaka uzi ukatike: unaokatika ndio uliokaza kuliko mwenzake.

Anayetaka kushona maua na mizunguko kwa kukisogeza kitambaa kwa mikono, huku meno ya cherehani yakiwa yameshushwa au kufunikwa, ajaribu pia mizunguko, maana mstari ulionyooka unaweza kuwa safi na kona zikaonyesha vijinyuzi kama kope upande wa nyuma. Kope hizo mara nyingi hutokana na mikono kukimbia kuliko sindano kwenye kona, basi punguza kasi ya mikono kwanza. Hakikisha pia kuwa mguu umeshushwa, kwa sababu mguu wa kazi hii huelea juu ya kitambaa na ni rahisi kusahau kwamba bado uko juu na sahani ziko wazi.

Kipande kikikubali, andika juu yake kwa kalamu namba ya nati, aina ya uzi na namba ya sindano, ukihifadhi kwenye droo ya cherehani.