Unataka kuwa bingwa wa upasuaji wa utumbo mpana kwa matundu? Anza na kamera, feloshipu itakuja

Wadogo zangu mlioko intaneshipu na nyie marejista, yaani madaktari mnaosomea ubingwa, swali ninaloulizwa sana ni hili, dokta nataka kupasua utumbo mpana kwa matundu madogo, yaani kwa kuingiza kamera na vyombo bila kufungua tumbo lote, niombe feloshipu, mafunzo ya ubobezi, wapi? Na mimi huwa nauliza kwanza, kamera umeshika mara ngapi? Wengi wananyamaza. Kwahiyo naandika hapa njia ilivyo, nilivyopita mwenyewe na ninavyowaelekeza vijana ninaofanya nao kazi.

Shule kwanza, hii nitaipitia haraka maana wengi mnaijua. Kwa Tanzania ni MD miaka 5, intaneshipu mwaka 1, usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, halafu ubingwa wa upasuaji wa jumla. Ubingwa unaweza kuupata chuoni kwa MMed, shahada ya uzamili ya udaktari, au kupitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa ukanda wetu chenye makao makuu Arusha, ambacho unafanya mafunzo ukiwa kazini hospitali iliyoidhinishwa, miaka 2 ya hatua ya kwanza (MCS) na mingine 3 ya ubingwa wenyewe (FCS). Baada ya hapo ndo unaingia kwenye ubobezi. Ukijumlisha na miaka ya kufanya kazi katikati ni zaidi ya kumi, kama una familia kaeni chini mlizungumze mapema, hili nalisema kwa uzito.

Sasa ukiwa rejista, usikimbilie matundu kabla hujajua kufungua tumbo vizuri. Wagonjwa wetu wengi wa utumbo wanakuja usiku, utumbo umejisokota, tumbo limevimba kama ngoma, mzee katoka kijijini siku ya tatu hajapata choo, huyo unamfungua, unakata utumbo uliokufa, unaamua kuunga au kutoa kolostomi, yaani kutoa utumbo nje ya ngozi ya tumbo ili choo kiingie kwenye mfuko. Mikono inayojua tumbo lililofunguliwa ndo itakayokuokoa siku kamera imejaa damu na huoni kitu. Na usidharau bawasiri, fistula (kijitundu kinachotoboka pembeni ya njia ya haja kubwa) na mpasuko wa njia ya haja kubwa, watu wanateseka na haya miaka kwa aibu tu, bingwa wa utumbo mpana asiyejua kupima kwa kidole taratibu na kwa heshima bado hajawa bingwa. Kolonoskopi, kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa kamera kupitia njia ya haja kubwa, nayo jifunze mapema, ukibahatika hospitali yenye mashine kaa na anayeifanya mpaka akuachie.

Turudi kwenye kamera. Mwaka wangu wa kwanza wa urejista kazi yangu ilikuwa kushika kamera tu, niliona kama napoteza muda, baadaye nikaelewa kwamba ile ndo shule yenyewe. Anayeshika kamera anaona kila kitu anachoona mkubwa wake, kwa ukaribu uleule, kwa saa 3 au 4. Weka picha isiinamie upande, ncha ya chombo iwe katikati, usitangulie wala usichelewe. Lenzi ikiingia baridi kwenye tumbo lenye joto inafunga ukungu, sista mmoja wa thieta alikuwa na chupa ya chai maalumu, ndani maji ya moto safi yaliyochemshwa na kutakaswa, tunachovya lenzi, tunafuta, tunarudi ndani. Mkubwa hasubiri hata nusu dakika. Vitu vidogo kama hivyo ndo vinafanya uitwe tena kesi inayofuata, na ukiitwa tena unajifunza tena.

Nyumbani tengeneza boksi lako. Mimi nilichukua beseni la plastiki, nikaligeuza, nikatoboa matundu mawili ya vyombo na moja la kamera ya simu, ndani taa ya betri, vyombo nikapewa vya zamani ambavyo thieta ilishaviacha. Zoezi la kwanza punje 20 za mahindi, toa kisosi hiki peleka kile, kwa mkono wa kushoto halafu wa kulia. Utashangaa mwanzoni, maana ukipeleka mkono kulia ncha inaenda kushoto, tundu la tumbo linakuwa kama egemeo la mzani, na kwenye skrini hakuna kina, unadhani umeishika punje kumbe uko mbele yake. Akili inazoea ndani ya wiki chache ukifanya dakika 20 kila siku, ukifanya saa 3 Jumapili peke yake haizoei. Zoezi la pili chora duara kwenye kitambaa cha gozi ulikate bila kutoka kwenye mstari, la tatu funga fundo ndani kwa ndani juu ya kidole cha glovu kilichokatwa. Hayo hayapo mbali na mazoezi matano ya mtihani wa FLS, wa misingi ya upasuaji wa matundu, ambao Marekani wanaulazimisha kwa bingwa wa upasuaji wa jumla.

Soma pia historia ya fani yako, inakupa subira. Upasuaji wa kwanza wa utumbo mpana kwa matundu ulifanywa 1990 Miami na Moises Jacobs, lakini watu waliogopa miaka mingi kwamba saratani itapandwa kwenye matundu, mpaka 2004 utafiti wa COST wenye wagonjwa 872 ulipoonyesha kwamba saratani hairudi zaidi kuliko kwa waliofunguliwa. Na Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, aliyeandika 1982 kuhusu kuitoa rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, pamoja na mafuta yake yote yakiwa kwenye utando wake mzima, yeye alifanya kwa kufungua, ila tabaka unalopita wakati wa kukata ni lilelile. Ukilipata unaliona kama utando wa buibui mweupe hauna damu, ukiona damu jua umetoka njiani. Na kabla hujabana mshipa wa upande wa kushoto, tafuta kwanza yureta, ule mrija wa mkojo, uguse kidogo uuone ukijikunyata. Hujauona, hukati.

Feloshipu sasa. Kigali wana IRCAD Africa, kituo cha mafunzo ya upasuaji wa matundu, tangu 2023, nzuri kwa kozi fupi za vitendo, wengine wanaenda India, Misri, Cape Town. Kabla hujasaini uliza swali moja, nitafanya kwa mikono yangu au nitatazama? Nchi nyingi bila usajili wa kwao hugusi mgonjwa, unarudi na cheti na picha. Uliza felo aliyemaliza alifanya kesi ngapi yeye mwenyewe. Na usiende peke yako kama inawezekana, mwombee sista wa thieta na dokta wa usingizi nao wapate mafunzo, kwa sababu ukirudi kuna siku gesi ya kuinua tumbo inaisha katikati, umeme unakatika, na seti ya kufungua lazima iwe imeshatakaswa pale pembeni. Kubadili na kufungua tumbo ni uamuzi wa daktari aliyekomaa, mwambie mgonjwa kabla kwamba inaweza kutokea.

Jambo ambalo hakuna aliyenifundisha chuoni ni kuchora mahali pa kolostomi. Fanya siku moja kabla, mgonjwa akiwa amekaa, siyo amelala. Mama muulize khanga anafungia wapi, mzee mkanda unapita wapi, na kama anaswali mwambie arukuu na asujudu uone ngozi inakunjika wapi, halafu chora pale anapopaona kwa macho yake mwenyewe. Niliwahi kuona mama aliyewekewa kwenye mkunjo, mfuko ulikuwa hauganduki hata nusu siku, akaacha kwenda msibani, akaacha kwenda harusini. Upasuaji wake ulikuwa umefanikiwa.

Na ukishaunga utumbo, kazi haijaisha mpaka wiki ipite, maana pale ulipounga panaweza kuvuja. Kati ya siku ya 3 na ya 7 pita wodini mwenyewe asubuhi na jioni. Ukikuta mapigo 115, tumbo limejaa, na mgonjwa aliyekuwa anaongea jana leo amegeukia ukutani, usiandike endelea na dawa, agiza CT kama ipo, mpigie mkubwa wako simu hata kama ni saa nane usiku, na ukae hapo kitandani mpaka ijulikane moja.